Mwaka Huu Hatukupanda

Mwaka huu hatukupanda Mwika.
Tiketi zilikuwepo, kwa bei ya kuuza figo,
lakini aliyetuzuia ana meno manane
na tumbo lisiloelewana na basi.
Agosti, tulipokwenda kumzika mjomba,
alitapika kuanzia Chalinze hadi Korogwe,
akajifuta kwenye koti la abiria wa jirani,
kisha akamlalia begani.

Basi tumebaki.
Mtaa wetu wa Segerea una mapengo
kama kinywa chake:
kufuli, kufuli, sisi, kufuli.

Mama mkwe alipiga tarehe ishirini na mbili.
Hakugomba. Alisema tu,
"Mbuzi anawasubiri,"
akanyamaza kimya cha kumaliza vocha.

Gauni nililinunua Kariakoo, jekundu, la kujivuna,
na viatu, vile vinavyolia pii
kila unyayo ukigusa chini.
Muuzaji aliapa, "Mama, huyu hapotei tena."
Kweli hakupotea.
Mchungaji aliposema tunyamaze,
tumtafakari Mtoto aliyelazwa horini,
mtoto wetu asiyelazika
akateleza kutoka mapajani mwa baba yake,
pii, pii, pii,
akashika njia ya madhabahuni
kama mtu mwenye malalamiko ya muda mrefu.
Kanisa zima likamtafakari yeye.
Anaeli akamfuata ameinama, mwizi wa kuku mchana kweupe,
akamrudisha kwapani, kiatu kimoja mfukoni.
Mguu mmoja kimya, mmoja pii.
Tukaimba hivyo hivyo.

Nyumbani joto la Desemba lilishaketi sebuleni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Feni ilikuwa ikilizunguka tu, inatikisa kichwa.
Kilo mbili za mbuzi, za buchani, zisizotujua,
ndizi zimemenywa, vidole vyangu vyeusi kwa utomvu,
na saa saba kamili Luku ikalia, ikazima.
Mtandao wa kununulia umeme nao ulikuwa likizo.
"Nilikwambia tangu jana."
"Uliniambia saa ngapi?"
Tungefika mbali,
ila kati yetu alisimama mtu
kavaa sufuria kichwani,
gauni kaliloweka kwenye ndoo ya maji ya kunywa,
amebaki na nepi na kiatu kimoja,
na anatucheka sisi.

Mama Sharifu alisikia kupitia ukuta.
Akaja na jiko la mkaa, moto tayari umeshika,
kanga kaifunga kifuani kama mtu wa zamu.
"Sikukuu yenu hii," alisema,
"mwala ndizi mbichi?"
Akaketi, akakoroga, akaonja, akaongeza chumvi
bila kuomba ruhusa ya mtu.
Haika akamletea kokoto. Akaipokea.
Akaletewa nyingine. Akaipokea pia.
Tulipokula, saa kumi na nusu,
pembeni ya sahani yake kulikuwa na kokoto kumi na moja
na hakuziondoa.

Jioni simu ikaita, ile ya kuonana.
Mama mkwe alitokea paji la uso tu,
nyuma yake majani ya mgomba, moshi,
shemeji zangu wakigombea bakuli la supu.
"Haika! Haika wa bibi!"
Haika akalamba kioo. Simu ikakatika.
Ikaita tena.
"Kavaa nini miguuni?"
"Viatu, mama. Vinalia."
"Mwache atembee nisikie."

Nikamvalisha vyote viwili, nikamweka sakafuni.
Kwa mara ya kwanza siku ile alifanya alichoambiwa:
pii, pii, kutoka mlangoni hadi kwenye friji,
pii, akaanguka, akainuka, pii, pii,
akarudi na kifuniko cha chupa mkononi
kama zawadi iliyotoka mbali.
Kule mlimani hapakusikika mtu.
Hata supu ilisubiri.
Lile paji la uso likashuka taratibu,
macho yakaingia kwenye kioo.
"Haya," alisema. "Amefika."

Usiku wa manane, nikitafuta maji gizani,
nilikanyaga kiatu.
Pii.
Nikaganda mguu mmoja hewani,
tukihesabu pumzi zake, mimi na Anaeli,
moja, mbili, tatu, akageuka, nne.
Hakuamka.
Anaeli akacheka ndani ya mto
mpaka kitanda kikalia na chenyewe.